Birika la Chai, Mashine ya Kukhu na Stima ya Ndege

Ndege ilikuwa ingali chini, Mombasa, milango imefungwa na sote tumeshafunga mikanda, taa zote za ndani zilipozima kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha zikarudi. Bi mkubwa aliyekaa dirishani akanishika mkono.

"Mwanangu, stima imepotea?"

"La, mama. Haijapotea. Rubani amebadilisha tu anakoitoa."

Hakuniamini. Aliendelea kusoma alichokuwa akisoma kimoyomoyo mpaka tukapita Voi, nami sikumlaumu. Katika nchi hii taa ikipepesa mtu hutafuta mshumaa.

Lakini nililomwambia ni kweli, na nalijua kwa mikono yangu. Nilipomaliza diploma yangu ya umeme, kabla ya kuingia katika mambo haya ya kalamu, nilifanya kazi miaka mitatu pale uwanja wa Moi na kampuni moja ya kuhudumia ndege. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuvuta waya mnene kama mkono wa mtoto kutoka kwenye gari la jenereta na kuuchomeka ubavuni mwa ndege, karibu na gurudumu la mbele. Plagi yake ina pini sita, nne nene na mbili nyembamba. Ukiichomeka vibaya ndege haipokei kitu. Huo ulikuwa ualimu wangu wa kwanza: ndege hupima stima unayoipa kabla ya kuikubali, na isipoipenda huikataa.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Kanduyi, Bungoma, kupitia Kisumu, kisha matatu ya Kakamega na Webuye. Dada yangu ameolewa huko, na mkwewe amekuwa mgonjwa wa mapafu kwa muda. Wajukuu humwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa Kibukusu, na sasa hata sisi wa Pwani tunamwita hivyo hivyo. Kukhu hulala na mashine ya oksijeni kando ya kitanda, ile inayovuta hewa ya chumbani, ikachuja oksijeni na kumpelekea puani kwa mpira mwembamba. Mashine hiyo hula wati 350 hivi. Si nyingi. Lakini haitaki kukatika.

Mwenye kuijua Bungoma anajua mvua zake za alasiri. Asubuhi jua kali, saa tisa wingu limeshuka kutoka upande wa Mlima Elgon, saa kumi radi. Siku ya pili ya ziara yangu radi ilipiga na stima ikaenda. Shemeji hakubabaika. Alitoka nje akavuta kamba ya jenereta yake ya petroli, kVA 3, akarudi akipangusa mikono. Mashine ya Kukhu ikaanza kuunguruma, friji ikaanza, televisheni ikaanza, taa zikawaka. Nilimpongeza.

Kisha mpwa wangu wa miaka kumi na mitano, kijana mwenye adabu, akaona mgeni hajapewa chai. Akachomeka birika la umeme.

Birika lile ni wati 2,000. Zilizokuwa zinatumika tayari zilikuwa kama 650, na jenereta ya kVA 3 ya aina ile huwezi kuitegemea kwa zaidi ya wati 2,500 hivi. Ilihema, sauti ikazama, na friji ilipotaka kuwaka tena, swichi ya jenereta ikajikata. Nyumba nzima kiza. Mashine ya Kukhu ikatoa mlio wake wa kuomba msaada, tii, tii, tii. Ulikuwapo mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, lakini shemeji alipoufungua mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Alikuwa na nia ya kuujaza wiki ile.

Tulimkalisha kitako, dada akimpepea kwa leso, mimi na shemeji tukachomoa kila kitu kwa mwangaza wa simu, tukawasha jenereta upya na kuirudisha mashine peke yake. Zilikuwa dakika nne. Alhamdulillahi hakudhurika. Lakini nilimwona mpwa wangu amesimama mlangoni na kikombe kitupu mkononi, na sitaki kumwona mtoto na uso ule tena.

Usiku tulikaa barazani mimi na shemeji, kila mtu na mawazo yake. Akasema, "Shemeji, nitanunua jenereta kubwa." Nikamwambia asinunue. Kwa kuwa jana yake nilikuwa kwenye ndege, mfano ulionijia ulikuwa huo.

Ndege tuliyoipanda, Boeing 737-800, ina jenereta moja katika kila injini, na kila moja ni kVA 90. Fanya hesabu: ni kama jenereta thelathini za shemeji upande wa kulia na thelathini upande wa kushoto. Iko na ya tatu, ya kVA 90 vilevile, inayozungushwa na injini ndogo iliyofichwa mkiani. Tundu lake utaliona nyuma kabisa, chini ya usukani. Ndiyo inayotoa stima ndege ikiwa imesimama na injini kubwa zimezimwa, kama hakuna kijana wa kuvuta waya. Injini kubwa zikishawaka, rubani huzihamishia kazi hiyo jenereta zake, na katika kuhama ndipo taa hupepesa. Ndicho kilichomtisha yule bi mkubwa.

Stima yenyewe si kama ya ukutani kwetu. Yetu ni volti 240, ikigeuka mara 50 kwa sekunde. Ya ndege ni volti 115, ikigeuka mara 400. Sababu ni uzito. Stima inayogeuka upesi huruhusu transfoma na mota kuwa ndogo, na angani kila kilo hulipiwa mafuta. Sehemu nyingine hubadilishwa ikawa volti 28 za mkondo mmoja kama wa betri, kwa ajili ya kompyuta na vyombo vyepesi.

Hayo ni ya mafundi. Linalomhusu shemeji ni mgawanyo. Stima ya ndege haitoki kwenye jenereta ikamwagika tu kila mahali. Huingia kwanza katika vyuma vinene vya kugawia, na kila chuma kina wateja wake. Wahandisi hukiita chuma hicho basi, na hapa shemeji alicheka, maana Kanduyi ni mji wa mabasi, kila linalokwenda Malaba hupita mlangoni. Nikamwambia hata mfano huo unafaa. Basi la stima lina abiria wake wanaojulikana, na kila abiria amekatiwa tikiti ya basi lake. Vyombo vya rubani viko basi hili, majiko yako lile, taa za kusomea na sinema ziko lingine.

Kanuni ya kwanza: jenereta ya kulia hulisha mabasi ya kulia, ya kushoto hulisha ya kushoto, na katika 737 jenereta mbili haziunganishwi kwenye basi moja kwa wakati mmoja. Mtu atauliza, si zingesaidiana? Zingesaidiana, na zingeuana. Ili jenereta mbili zivute pamoja lazima zigeuke kwa mpigo mmoja kama wapiga makasia. Moja ikipotea mpigo, hupigana. Tena hitilafu ya moja ingemwagikia ya pili. Kwa hiyo zimetengwa. Ikifa ya kushoto, swichi hujifungua na kujifunga zenyewe, na ya kulia huchukua pande zote mbili. Ikiwa pana haja, ile ya mkiani huwashwa hewani ikaziba pengo.

Kanuni ya pili ndiyo iliyomfanya shemeji aache kutafuna muwa. Jenereta moja ikibeba pande mbili na mzigo ukaizidi, ndege haisubiri izidiwe na kukatika yote. Huanza kuacha abiria njiani, kwa orodha iliyoandikwa tangu kiwandani. Wa kwanza kushushwa ni jiko, yaani majiko ya kupashia chakula na mashine za kahawa. Isipotosha, zinafuata sinema na starehe nyingine za kabini. Vyombo vya rubani, redio, taa za dharura, havimo hata katika mazungumzo. Wala hakuna kikao. Rubani haulizwi, mhudumu haulizwi, abiria wa mbele aliyelipa mara tano haulizwi. Chai inakatwa.

"Yaani birika," akasema shemeji.

"Birika ndilo la kwanza."

Tena orodha hiyo ina chini yake, na chini ya chini. Zikifa jenereta zote tatu, jambo la nadra sana, inabaki betri, na betri ya 737 iliyojaa imewekwa iweze kubeba mambo ya lazima kwa dakika 30 angalau: vyombo vya upande wa nahodha, redio ya kuzungumza na ardhi, taa hafifu. Dakika 30 si za kufika uendako. Ni za kutafuta pa kutua. Mtungi wa Kukhu ulikuwa ndiyo betri yetu, nasi tuliuacha mtupu. Ndege haiondoki na betri tupu.

Ndege nyingine zina kitu cha mwisho zaidi. Ni pangaboi dogo lililokunjwa ndani ya mwili wa ndege, ambalo stima zote zikifa hutokeza nje na kuzungushwa na upepo wa mwendo wenyewe. Wengine hulitumia kuzalisha stima, wengine kusukuma mafuta ya mitambo ya kuongozea ndege. Sisi watu wa mwambao tuna sababu ya kulikumbuka. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian, Boeing 767, ilitekwa na vijana watatu, nahodha Leul Abate akalazimishwa kuruka mpaka mafuta yakaisha karibu na Ngazija. Injini zote mbili zilinyamaza. Pangaboi likatoka, nahodha akabaki na nguvu kidogo ya kuendesha yale ya lazima tu; vibawa vya kupunguzia kasi havikuwamo katika hesabu, kwa hiyo alilazimika kushuka kwa mwendo mkubwa. Ndege ilipiga bahari mbele ya ufuo wa Mitsamiouli, ikapasuka. Watu 125 kati ya 175 walifariki, Mungu awarehemu. Waliotoka, walitoka kwa sababu mtu alikuwa bado na usukani mkononi.

Kisha nikamweleza shemeji kuhusu ndege mpya, kwa maana yeye hupenda kusema kwamba kikiwa kikubwa kimemaliza matatizo. Kenya Airways ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza Aprili 2014, na ndiyo aina inayokwenda New York moja kwa moja kutoka Nairobi tangu Oktoba 2018. Ndege nyingi huchukua hewa moto kutoka kwenye injini na kuitumia kujaza hewa kabini na kuyeyusha barafu kwenye mabawa. 787 karibu kila kitu hicho imekigeuza cha stima: pampu za hewa ya abiria ni za stima, mabawa hupashwa moto kwa stima, breki ni za stima, hata injini huwashwa kwa jenereta zake zenyewe zikigeuzwa mota. Kwa hiyo imebeba jenereta nne za kVA 250 kwenye injini na mbili za kVA 225 mkiani. Jumla kVA 1,450. Jenereta ya shemeji mara mia nne themanini na kitu.

Je, stima nyingi hivyo imeondoa haja ya orodha? Haikuondoa. Ndiyo kwanza ikazidi, maana sasa hata hewa ya kupumua inategemea stima. Kompyuta zake hupima kila wakati nani anakula kiasi gani, na jenereta zikipungua huanza palepale pa kawaida: jiko na sinema. Ukipata siku safarini majiko yamezimwa ghafla na wahudumu wanaomba radhi, huenda kuna jenereta imepumzika, na ndege inafanya inavyopaswa.

Ukubwa pia ulikuja na balaa zake. Tarehe 7 Januari 2013, 787 ya Japan Airlines ilikuwa imeegeshwa Boston, abiria wameshashuka, wasafishaji wakaona moshi. Betri ya injini ya mkiani ilikuwa ikiungua. Siku tisa baadaye nyingine, ya All Nippon, ililazimika kutua Takamatsu, Japani, kwa sababu betri yake kubwa ilifanya vilevile. Siku hiyohiyo Marekani ikazifungia 787, na dunia nzima, ndege kama 50, zikakaa chini. Betri hizo ni za lithiamu, ndugu za zile za simu zetu, zina vyumba vinane. Chumba kimoja kilipata shoti ndani, kikachemka, kikamchemsha jirani yake. Dawa waliyotengeneza ni ya kijirani kabisa. Waliongeza kinga baina ya chumba na chumba, kisha wakaitia betri nzima ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje. Yaani kiungue peke yake kama ni lazima kiungue. Na ndege ya kwanza duniani kurudi angani na abiria baada ya marekebisho hayo ilikuwa ya Ethiopian, tarehe 27 Aprili 2013, kutoka Addis Ababa kuja hapa kwetu Nairobi.

Lipo jingine ambalo mimi hulipenda kuliko yote kwa jinsi linavyochekesha na kutisha. Mwaka 2015 ilionekana kwamba kompyuta zinazosimamia jenereta za 787 zina saa ya ndani ya kuhesabu, na ikiachwa ikihesabu siku 248 mfululizo bila kuzimwa, namba hujaa na kompyuta hujifunga. Na kwa kuwa zote nne za injini kuu zina programu ileile, zikiwa zimewashwa pamoja zingejifunga pamoja. Wenye mamlaka wakaamuru ndege zizimwe na kuwashwa kabla ya siku hizo kufika. Zima, washa, kama tunavyofanya na simu. Shemeji alicheka sana. Lakini maana yake si ndogo. Jenereta nne zenye kasoro moja ya pamoja, siku ya kasoro hiyo ni jenereta moja.

Nikamuuliza, petroli ya jenereta anaweka wapi? Kwenye dumu. Na ya pikipiki ya kukimbilia mtungi mjini Bungoma? Dumu lilelile. Akanyamaza.

Nilimtajia pia jambo la tarehe 2 Septemba 1998, ingawa silipendi kulisimulia. Ndege ya Swissair, MD-11, ilitoka New York kwenda Geneva, na moto ukazuka juu ya dari karibu na chumba cha marubani. Ikaanguka baharini Kanada na watu wote 229. Uchunguzi ulichukua miaka, na wachunguzi walionyesha waya za mtambo wa sinema na michezo ya abiria, uliokuwa umeongezwa katika ndege baadaye. Walikuta kwamba mtambo huo haukuunganishwa kwenye basi la stima ya kabini. Uliunganishwa kwenye basi jingine, hivyo rubani akivuta swichi ya kuzima kabini yote, sinema inaendelea kula stima. Sisemi swichi ile ingewaokoa. Moto ulikwenda kasi mno. Nasema fundi mmoja mahali fulani aliiweka starehe katika basi lisilo lake, na rubani hakuwa na njia ya kujua.

Shemeji aliangalia ukutani. Mashine ya Kukhu, friji na televisheni zote zilikuwa zimechomekwa kwenye soketi moja kwa kebo ndefu nyeupe yenye matundu manne. Tundu la nne ndilo alilokuwa amelitumia mtoto kwa birika.

Kwa hakika si nyumba ya shemeji pekee. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima, na katika uwanja wa Jomo Kenyatta mojawapo ya jenereta za akiba ikakataa kuwaka. Picha za abiria wakitumia mwanga wa simu zilizunguka dunia. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi na mkuu wa mamlaka ya viwanja akaondolewa. Nje pale lamini, ndege zilikuwa zimekaa na stima zao ndani, kila basi na abiria wake. Na msikiti wetu wa mtaa, sitautaja, ulipata jenereta kwa michango ya Ramadhani moja, tukaiunganisha na kila kitu pamoja na viyoyozi. Usiku wa kwanza wa tarawehe stima ilipopotea, viyoyozi viliiangusha jenereta na maikrofoni ikaenda nayo. Imamu aliendelea kwa koo lake. Mpaka leo, kila tukikutana kamati, hujadiliwa kununua kubwa zaidi.

Asubuhi yake tulimleta fundi wa stima kutoka stendi ya Kanduyi, mzee mtulivu mwenye kijitabu. Alitaka kujua kwanza kinachokula nini. Tukaandika wati za kila chombo, kwa kusoma vibandiko vya nyuma. Pasi ya umeme 1,000. Birika 2,000. Friji kama 150 ikitembea, lakini ikianza hutaka mara kadhaa ya hizo kwa sekunde chache. Televisheni 80. Taa zote pamoja 60. Mashine 350. Kisha akauliza swali ambalo ningependa liulizwe katika kila nyumba na kila zahanati: "Mkibaki na kimoja, ni kipi?" Dada yangu akajibu kabla hajamaliza.

Kazi ilikuwa ya siku moja na nusu. Mashine imepewa waya wake tangu kwenye kisanduku mpaka kando ya kitanda, na soketi yake imepakwa rangi nyekundu ya kucha za mpwa wangu wa kike. Taa ziko naye. Friji na televisheni ziko waya wa pili, wenye swichi yake ndogo ya kujikata mzigo ukizidi, nyepesi kuliko ya jenereta, ili ikatike ya chini kabla ya ya juu. Soketi za jikoni na za pasi hazipati stima ya jenereta kabisa. Na pale stima ya nje inapokutana na ya jenereta, palipokuwa na waya wa plagi mbili za kiume, jambo la hatari lisilosameheka, fundi ameweka swichi ya chenjova. Ama hii, ama ile, haziwezi kukutana. Waya ule wa zamani ungeweza kuipeleka stima ya shemeji nje mpaka kwenye nguzo, ikamkute fundi aliyepanda akijua laini imezimwa. Ni kanuni ileile ya ndege, jenereta mbili hazikai basi moja, na hapa inalinda roho ya mtu tusiyemjua.

Mtungi umejazwa, na karatasi ya tarehe imebandikwa juu yake. Petroli ya pikipiki ina dumu lake. Dada aliuliza wageni watapikiwa chai na nini. Kuni ziko nyuma ya nyumba, tangu zamani.

Juzi shemeji alinipigia. Stima ilikuwa imekwenda saa kumi na moja, mvua kubwa, na vijana walikuwa sebuleni wakitazama mpira. Mmoja akachomeka kikaushia nywele cha dada yake palepale penye televisheni. Swichi ndogo ikajikata, mpira ukapotea, zikafuata kelele za kulaumiana. Shemeji alikwenda chumbani kuangalia. Kukhu alikuwa amelala, na mashine inaunguruma.